Tenda Wema, Ubaki Kidogo

Mwalimu Zahabu hukaa upande kwenye keria ya baiskeli yangu,
fimbo ameikunja mapajani, mkono mmoja umeshika tandiko,
na kabla sijapiga kengele huniambia tulipo:
hapa Barabara ya Nane, wanakaanga mihogo;
hapa cherehani tatu, moja inalilia mafuta;
hapa kona ya Makorora, punguza, pana mchanga.
Miaka sita nimembeba hivyo,
shuleni, gerezani, msikitini, kanisani, kiwanda cha kamba za mkonge,
popote walipomwita awaambie watu
habari ya wema.

Humkaribisha vibaya.
Mshereheshaji husema, "Mwenzetu huyu, pamoja na hali yake..."
Naye hungoja. Kipaza sauti hukigonga mara mbili,
kikiwa kimekufa hukiweka chini.
"Hali yangu," huanza, "ni ya mwalimu wa hesabu
aliyestaafu na kiinua mgongo hakijafika.
Kama mna pole, nipeni ya hiyo."
Ukumbi hucheka. Hapo huwa ameshawapata.

Kisha huwapa kisa cha kuvushwa:
mtu mwema, mkono mgumu, ananuka sabuni ya mche,
alimshika bega pale Barabara ya Kumi na Mbili,
akamvusha mbiombio, "Haya mama, Mungu akuzidishie," akatoweka.
"Nami nilikuwa sivuki.
Nilikuwa namngoja muuza maziwa.
Ikabidi nimtafute mtu mwema wa pili
anirudishe aliponitoa wa kwanza.
Wazee walisema tenda wema nenda zako.
Mimi nawaomba, ubaki kidogo.
Uliza alikuwa anakwenda wapi."

Nimekisikia mara mia.
Najua atakapomeza mate,
najua wanafunzi watacheka wapi, walimu watainama wapi.
Kule Pongwe msichana mmoja alimfuata, akamshika kidole,
akakipitisha juu ya nukta nundu za daftari lake,
wakanyamaza wote wawili, muda mrefu,
mkuu wa shule anatazama saa.

Lakini kuna kisa hakisimulii.

Mwaka ule wa kwanza, masika, mama yangu kalazwa Bombo,
Mwalimu alinituma dukani na bahasha ya posho yake.
Nilimrudishia noti ya elfu mbili
nikamwambia, "Elfu kumi hii, Mwalimu."
Aliipokea. Aliinyoosha kwa kidole gumba,
kutoka ncha hii hadi ile,
nami sikujua bado kwamba noti zetu hazilingani urefu,
nilidhani pesa ni rangi tu.
Akaikunja mara nne.
"Hiza," akasema, "shati lako linanuka dawa ya wodini.
Nani anaumwa?"

Kesho yake nilipitia kumchukua kama kawaida.
Kulikuwa na chupa ya uji mlangoni, imefungwa kwa khanga,
na yeye amekaa kizingitini, viatu tayari.
"Tuanzie Bombo," alisema.

Urefu wa noti nilikuja kuujua mwaka wa pili,
mezani kwake, yeye ndiye mwalimu:
fumba macho, weka kidole, hii elfu mbili,
hii elfu kumi, umesikia ilipozidi?
Hakuongeza neno.
Aliponiambia nifumbue, sikufumbua upesi.

Tangu hapo kila ukumbi hunitia baridi.
Akisema tu, "Palikuwa na kijana mmoja..."
hutazama sakafu, nikahesabu vigae.
Kila mara ni kijana mwingine.

Leo tumetoka Mabawa, jua limekaa utosini.
Elfu nane nimezikunja mfuko wa shati tangu mwezi jana.
Nilipunguza mwendo, nikasema, "Mwalimu, kuna deni langu..."
Akanigonga mgongoni kwa fimbo iliyokunjwa.
"Mpira wa nyuma umechoka, nausikia.
Nunua mpya kabla hujaniangusha."
Tukaenda.
Kwenye kona akaniambia, punguza, pana mchanga.